Chumvi kwenye Mapezi

...na hapumui vizuri, hapana, hata mtu asiyejua lolote kuhusu samaki angeliona hilo, mashavu yanafunguka na kufungika mbio mbio, mbio mbio, kama ya mtu aliyepandishwa ngazi bila kupumzishwa, tena amejibanza pale pale penye mdomo wa pampu maji yanapotoka kwa nguvu, Hakimu huyo, samaki wa manjano ambaye miaka yote hajawahi kujibanza popote, yeye ndiye aliyekuwa akiwabana wenzake, akimkodolea macho kila anayeingia sebuleni na midomo ameichongoa kama anayetaka kusoma hukumu, ndiyo maana akaitwa Hakimu, na leo Hakimu anaomba hewa kwa pampu, na mwenye tangi amesimama juu ya kigoda, mkono wa kulia umezama majini hadi kwapani, kinyavu amekificha nyuma ya matumbawe, akijitia kusafisha kioo, asafishe nini, kioo kinameta tangu asubuhi, lakini mtu aliyepanda kigoda mbele ya mama mkwe wake lazima aonekane ana kazi... "Hutachoka, mwanangu?" "Sichoki, Mama, namalizia tu," anamalizia nini naye, hata hajaanza, angekuwa ameanza saa hizi sebule nzima ingekuwa ndoo na mawe na mataulo, maana samaki hawa hawakamatiki hivi hivi, mume wake alipolijenga tangi hili alipanga jiwe juu ya jiwe akayagandisha kwa gundi ya mawe, pango ndani ya pango, akajisifu wiki nzima, fundi majokofu aliyegeuka kuwa mjenzi wa majumba ya samaki, na kweli yalipendeza, lakini ukinyoosha kinyavu tu kila mmoja anakimbilia kwenye shimo lake na kukutazama kutoka huko, kwa hiyo kuwakamata ni kubomoa, na kubomoa ni kuulizwa, na kuulizwa ni kujibu, na jibu ni moja tu na limeketi pale kwenye kochi limevaa miwani myeusi ya kliniki likimenya chungwa.

Dawa ipo. Dawa si tatizo, chupa ya dawa ya shaba imesimama juu ya kabati la jikoni, na beseni kubwa la karantini liko tayari katika kile chumba cha kufulia, lina maji ya chumvi, lina hita, lina mabomba ya plastiki ya kujifichia, ni kuwahamisha tu wote, mmoja baada ya mwingine, wakae humo na shaba yao wiki kadhaa, na tangi hili libaki bila samaki hata mmoja mpaka vijidudu vikose wa kumng'ang'ania vife kwa njaa, shaba yenyewe huwezi kuimimina humu, ukiimimina humu umewaua kamba na konokono na matumbawe yote kwa mkupuo mmoja, yeye anayajua hayo yote, anayajua barabara, sista wa wodi ya magonjwa ya kuambukiza asijue nini kuhusu kutenga mgonjwa, mtu anayewafukuza mapadri na wabunge mlangoni kwa sababu hawajavaa barakoa, mtu aliyemrudisha mganga mkuu mwenyewe akanawe mikono, na mganga mkuu akaenda akanawa... "Nasema hivi, huyu dada wa kliniki alivyonifungua bendeji ya jicho, nilifikiri kwanza taa imewashwa," Mama anasema huko nyuma, chungwa linanukia hadi huku juu, "kumbe haikuwashwa!" "Haikuwashwa, Mama?" "Haikuwashwa! Ni mchana tu, mwanangu, mchana wa kawaida!" na anacheka, anacheka kama msichana, na kicheko hicho ndicho kinachomkata maini, kwa sababu kama Mama angekuwa yule Mama wa zamani, yule aliyekuwa akija na midomo ameibana na kuondoka kabla chai haijapoa, kazi ingekuwa rahisi, angemwambia bila kupepesa macho, Mama, samaki wako wa zawadi ametuletea ugonjwa, basi, lakini huyu wa sasa anacheka, huyu anamenya chungwa na kumwekea nusu kwenye kisahani, huyu anasema mwanangu, neno ambalo hakulisema tangu siku ya ndoa, miaka yote alikuwa akimwita Nesi, mpe Nesi kiti, mwulizeni Nesi kama atakula, kama vile mwanawe ameoa cheo... na kesho asubuhi anaondoka. Kesho asubuhi tu. "Vumilia hadi kesho," mume wake amemwambia kwenye simu, kelele za viyoyozi nyuma yake, "Mama akishaondoka tutabomoa hata nyumba ukitaka, lakini leo, tafadhali, usimwambie, unajua alivyo," ndiyo, anajua alivyo, na anajua mwanawe alivyo pia, mwanamume mzima anayepanda juu ya paa la ghorofa bila kamba lakini kumwambia mama yake jambo dogo anatetemeka, kwake ni rahisi kusema vumilia, hayuko hapa kuona pumzi hizi.

Kwa sababu pumzi hizi anazijua. Ameziona kwa watu. Kuna namna ya kuhema ambayo ukiiona unamwita daktari huku unakimbia, na kuna nyingine ambayo unamwita daktari lakini hukimbii tena, na Hakimu bado yuko kwenye ile ya kwanza, bado, lakini si ya kufika kesho, hiyo hahitaji kuambiwa na mtu, akingoja hadi kesho atamkuta chini mchangani amelala ubavu kama alivyomkuta yule mdogo mwenye mistari leo alfajiri, mmoja wa wale wawili wasioachana, tayari amekauka rangi, akamtoa upesi na kumfunga kwenye karatasi na kumtia mfuko wa gauni, na papo hapo mlango wa bafu ukafunguka, "Umeamkaje, mwanangu?" "Salama, Mama, na wewe?" na maiti imo mfukoni, wakasimama pale wakiulizana habari za usingizi, usingizi ulikuwa mtamu, na wewe, mtamu pia, maji ya maiti yanampenya gauni hadi pajani na yeye anatabasamu, na Mama akaja moja kwa moja hapa kwenye tangi, jicho jipya linataka kuona, akatazama weeee, akauliza, "Mbona mmoja tu? Si walikuwa wawili wale wenye mistari?" "Mwenzake amelala nyuma ya mawe, Mama," hivi hivi, bila kujikwaa, ulimi wenyewe ukasema, na Mama akasema, "Aa, mvivu huyo," na kumbe uongo wa kwanza ndio mgumu peke yake, unaofuata unakuja wenyewe ukipanga foleni... na aliyebaki sasa anazunguka mule pangoni akitafuta, anaingia, anatoka, anaingia tena, Mungu wangu, usimtazame huyo, tazama Hakimu, mtoe Hakimu peke yake basi, mmoja tu, kinyavu kidogo kidogo, taratibu, Mama hataona... amechomoka. Amepita chini ya kwapa la jiwe la katikati akaenda kusimama kule kule kwingine akihema, na kuchomoka kwenyewe kumemchosha, ona, mbavu zote zinafanya kazi, ukimfukuza hivi mara tatu utakuwa umemuua wewe mwenyewe bila kusubiri ugonjwa.

Na madoa yamerudi, yamerudi maradufu. Wiki iliyopita yalikuwa machache, chembe chache nyeupe kwenye pezi la mkia la yule wa buluu, kama mtu aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani, yule wa buluu, Mgeni, ndivyo alivyoitwa kwa kuwa aliletwa na mgeni, akaanza kujikuna kwenye mawe, akijipiga ubavu, paa, anageuka, paa, na Mama, ambaye wakati huo aliona kivuli tu cha buluu, akafurahi, "Angalia anavyocheza!" halafu siku mbili tatu baadaye madoa yakatoweka yote, wote wakawa safi kabisa, na hapo ndipo yeye alipoogopa hasa, maana ugonjwa huu ndivyo ulivyo, ni mjanja, chembe zikikomaa kwenye ngozi hudondoka mchangani zikajigawa huko, moja inazaa mamia, kisha zinapanda zote kwa pamoja, kwa hiyo siku wanapoonekana wamepona ndiyo siku ya kuwatoa, ile ile, siku ile alipaswa kubomoa, na siku ile mume wake alikuwa nyumbani, na mikono minne ilikuwepo, na Mama alikuwa kliniki anatolewa bendeji, nafasi gani tena ungeitaka, lakini akarudi Mama anaona, anashika uso wa kila mtu na kuutazama, akamshika na yeye pia uso kwa viganja viwili, akamtazama kwa karibu sana, akasema, "Kumbe una kidoti hapa," na akamgusa shavuni, miaka yote ile ndani ya ukoo na ndiyo mara ya kwanza, basi nani angeleta ndoo na mawe siku kama ile, nani angemwambia mtu kama huyo, samahani Mama, zawadi yako imetuulia nyumba... akanyamaza. Akajidanganya kwamba labda wamepona kweli. Yeye. Angemsikia mwanafunzi wa uuguzi akisema labda amepona kweli, angemtoa wodini siku hiyo hiyo.

"Mwanangu." "Naam, Mama." "Hebu niambie." Sauti imesogea. Chungwa limewekwa chini, kochi limelia, viatu vya ndani vinakokota sakafuni, kwachu, kwachu, anakuja, "Huyu wa njano ana kitu gani?" "Yupi, Mama?" kana kwamba wako wa njano wengi, "Huyu. Naona kama kamwagiwa chumvi," na kidole kinagusa kioo, kidole chembamba chenye harufu ya ganda la chungwa, kimeelekea pale pale, juu ya pezi la Hakimu, hakikosei hata kidogo, kabla ya upasuaji mama huyu alikuwa hawezi kutofautisha paka na mto wa kochi, "na huyu wangu pia, vitone vyeupe, na yule pia," kidole kinatembea, kinahesabu wagonjwa kitanda kwa kitanda, kisha kinasimama, na sauti inashuka, "Au ni jicho langu?" Pampu inanguruma. "Daktari alisema nikiona vitone vitone nirudi upesi. Au ni jicho, mwanangu? Maana jana sikuviona."

Ni jicho. Mwambie ni jicho. Wazo lenyewe lilikuja likiwa limevaa nguo kabisa, sabuni na manukato, bado jicho halijatulia, Mama, ni kawaida ya siku za mwanzo, usijali, weka matone yako ulale kidogo, na Mama ataamini, ataamini kwa sababu nani mwingine wa kumwamini, yeye ndiye sista, yeye ndiye aliyemshawishi miezi mingapi kwenda kupasuliwa wakati majirani wanamtisha kwamba jicho likiguswa na kisu linaoza, ataamini na kwenda kujilaza chumbani na mlango utafungwa, na sebule itakuwa yake, atabomoa, atamtoa Hakimu, atawatoa wote, hata huyo Mgeni, Mama akiamka aambiwe tangi linasafishwa, sentensi moja, fupi, na samaki wanapona na amani inabaki na kila mtu anaondoka kesho na tabasamu lake... na mdomo umeshafunguka, yarabi, mdomo umeshafunguka na neno liko kwenye ncha ya ulimi, "Mama, hilo..." na ameona uso wa Mama ndani ya kioo. Hakugeuka, hana haja ya kugeuka, uso uko pale kwenye kioo katikati ya samaki, miwani imepandishwa kwenye paji, jicho moja bado lina ukungu wake wa zamani, jingine limefunguka wazi, safi, jipya, na limejaa woga. Si woga wa samaki. Anashikilia ukingo wa meza kwa mkono mmoja, ule mkono mwingine umefunika lile jicho la ukungu, analipima lililobaki, analifumba, analifumbua, analifumba, kama mtoto anayewasha na kuzima taa asiamini, na jicho la pili litapasuliwa mwezi ujao, na akiambiwa hili la kwanza limeharibika hatakwenda tena, asilani, hata ukimbeba, atakwenda kukaa nyumbani kwake gizani hadi kufa, na aliyempeleka humo gizani atakuwa Nesi.

Kwa nini? Kwa ajili ya nini hasa? Kwa ajili ya kumlinda Mama asijue kwamba zawadi yake ilikuwa na vijidudu? Lakini zawadi zote zina vijidudu, kila samaki atokaye dukani hukaa kwanza karantini, kila mmoja, Hakimu mwenyewe alikaa, wale wenye mistari walikaa, hata wale kamba, ni sheria ya nyumba hii na aliyeitunga ni yeye, na siku ile Mama alipoingia amekumbatia ndoo kwa mikono miwili, mfuko wa plastiki ndani yake na samaki wa buluu anayeng'aa ndani ya mfuko, amempakata njia nzima kwenye teksi asitikisike, beseni lilikuwa tayari, maji yalikuwa tayari, akamwongoza Mama hadi chumba cha kufulia, na Mama akasimama mlangoni, akakodoa macho yake ya ukungu kwenye beseni, fagio, ndoo za kudekia, nguo chafu, akauliza kwa sauti ndogo tu, "Huku?" na hapo yeye akakumbuka kikombe. Kikombe cha bati chenye ua jekundu. Nyumbani kwa Mama, miaka yote ile ya mwanzo, wote walinyweshwa chai kwenye vikombe vya kaure isipokuwa yeye, chake kilikuwa cha bati, kiliwekwa peke yake juu ya rafu ya nje, na hakuna aliyesema neno, wala haikuhitaji neno, anatoka wodini huyo, anashika wagonjwa huyo, na yeye akakinywea, Jumapili kwa Jumapili, akameza chai na kilichokuwa ndani ya chai, na siku ile pale mlangoni mwa chumba cha kufulia akasikia kitu kikimpanda kifuani, kitu kitamu, akasema kwa sauti ya juu, "Huku? La, Mama! Huyu ni mgeni wa sebuleni!" na akambeba yule samaki hadi hapa mbele ya watu wote na kumtia tangini pamoja na wengine, na akageuka kumtazama Mama usoni aone kama ameelewa, mimi sitengi watu, mimi sina vikombe vya bati... Ndivyo. Haukuwa ukarimu ule. Alitaka kumwonyesha. Miaka yote ile alikuwa akimtafutia mahali pa kumwonyesha, akapapata, na yule mwenye mistari amelipa, na Hakimu anaelekea kulipa, na sasa jicho la mwanamke mzima lilikuwa linatiwa kwenye hesabu hiyo hiyo.

Na mara ngapi, mara ngapi kwa wiki anasimama mlangoni mwa wodi akiwaambia ndugu za wagonjwa, tena kwa upole, akiwashika bega, hatumtengi kwa sababu tunamchukia, jamani, tunamtenga kwa sababu tunaogopa, na kuogopa si dhambi, mara ngapi, na haijawahi hata siku moja kumpitia akilini kwamba maneno hayo yanamhusu mama mmoja aliyekuwa na wajukuu wachanga ndani ya nyumba na mkwe anayetoka kuosha vidonda, mama asiyejua barakoa wala dawa ya kunawia, anayejua kikombe tu. Aliogopa. Kumbe aliogopa tu, kama anavyoogopa sasa hivi hapo kioo kilipo, woga ule ule, uso ule ule, ila zamani yeye hakuutazama uso, alitazama bati. Angeweza kumwuliza. Miaka yote, angemwuliza tu, Mama, kikombe hiki kina maana gani, na labda wangepigana, na labda wangelia, na yangekwisha... "Mbona hunijibu?" Mama anasema, na sauti imekonda kabisa, "Ni jicho, siyo? Niambie tu, mwanangu, mimi mtu mzima, wewe ndiye unajua mambo haya. Limeharibika?"

Mkono bado umo majini, umekufa ganzi, vidole havijui kama vimeshika kinyavu au la, na Hakimu bado yuko pale pale ananyonya maji ya pampu, hakuna kilichobadilika ndani ya tangi lile, chembe nyeupe ni zile zile, yule mwenye mistari bado anaingia na kutoka pangoni, lakini lile neno lililokuwa kwenye ncha ya ulimi limeondoka, amelitafuta na halipo, na lililobaki ni zito na halina manukato, Mama atachukia, atanuna, atarudi kuniita Nesi, na aniite, na aniite hivyo hadi siku ya mwisho, "Jicho lako ni zima, Mama," amesema, akiuambia ule uso ulio kwenye kioo, "ni zima kabisa. Vitone vipo. Samaki ndio wanaoumwa, wote, na yule mdogo amekufa leo asubuhi nikakuficha. Ugonjwa ulikuja na huyu wako wa buluu, na si kosa lako, nilitakiwa kumweka kwanza kule kwenye beseni na nilijua, nikaacha kwa makusudi, kwa... kwa kiburi tu, Mama," na ameishiwa pumzi, na anangoja, anangoja viatu vya ndani vigeuke, kwachu, kwachu, kwenda kufunga mizigo, anangoja midomo ibanwe, na haibanwi, Mama hamtazami hata yeye, ameinamia kioo hadi pua imegusa, mkono bado umefunika jicho la ukungu, anatazama pezi la Hakimu chembe kwa chembe, na mabega yanamshuka, yanamshuka taratibu kama ya mtu aliyetuliwa mzigo, na pumzi yake imeacha wingu dogo kwenye kioo.

"Kwa hiyo naona," anasema. "Kwa hiyo naona kweli."

"Unaona, Mama."